Bibi Harusi wa Chumba cha Picha

Vuta pumzi. Zuia. Usipumue mpaka nikwambie.

Mtu yeyote wa hapa Mtwara aliyewahi kukohoa kupita kawaida, au kuanguka kutoka juu ya kitu, anayajua maneno hayo na sauti iliyoyasema. Ilitokea nyuma ya pazia jeusi, nzito kama ya sajini, na hata wazee wenye mvi waliitii. Shangazi yangu alizuia pumzi mpaka akazimia, kwa sababu Mama wa Picha aliitwa mlangoni katikati ya kazi akasahau kumwambia apumue. Alipozinduka hakulalamika. Alisema tu, "Hakuniambia."

Alikuwa jirani yetu Likombe, na kazi yake ilikuwa kupiga picha za mifupa hospitalini. Jina alikuwa nalo, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Hata marehemu mumewe, nasikia, alimwita Mama wa Picha, labda kwa kuogopa kuambiwa azuie pumzi. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Uso wake ulikuwa wa mama wa kawaida. Mikono ndiyo iliyokuwa na umri wake peke yake: vidole vikavu vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, kucha zenye mistari myeusi. Ukimwuliza alisema ni dawa za kusafishia picha. Ukimwuliza mara ya pili alikutuma dukani.

Watu hawakumwonea. Siku moja bombani mwanamke mmoja alitaka kuisukuma ndoo yake mbele ya foleni, huku akitaja ukoo wake tangu babu wa babu. Mama wa Picha akamwangalia kuanzia kichwani, akateremka taratibu.

"Wewe mwenzangu unanitambia nini?" akasema. "Mimi nimekuona mpaka mbavu. Na kuna moja imepinda."

Yule mama akarudisha ndoo nyuma ya wote. Tangu siku hiyo anatembea ameinama upande mmoja.

Sisi watoto tulimwogopa kwa sababu nyingine. Kila mji wa pwani una nyumba inayosemwa ni ya mumiani, wale wanyonya damu. Yetu ilikuwa chumba cha picha. Kilikuwa na kila kitu kinachohitajika: pazia jeusi, taa nyekundu, mashine inayonguruma, na mlango unaofungwa kwa ndani. Mtu akiingia mle, tuliambiana, anatoka amelegea. Kwamba alikuwa ameingia amelegea vilevile, hilo hatukulisimulia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasimulia wenzangu sana, na kila nilipoongeza kitu nilikiogopa mwenyewe. Nilipowaambia kuwa damu inapita kwenye mpira chini ya sakafu mpaka baharini, nilikaa wiki nzima sikanyagi saruji.

Basi fikiria nilivyoingizwa mle. Mkorosho wa mtu mmoja kule Ziwani ulinitupa chini. Nasema ulinitupa, mwenye mkorosho na mabibo yake ana maelezo yake. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umepata kiwiko cha pili, bibi yangu analia kuliko mimi, na mimi nilipoliona pazia nilisahau mkono kabisa nikaanza kupiga mateke.

Mama wa Picha hakunibembeleza. Alikwenda kwenye kona, akarudi na sungura mweupe, akamlaza mezani karibu na pua yangu.

"Huyu ni Bibi Harusi," akasema. "Hatoki ndani na hapendi kelele. Ukitikisika atakimbia, na wewe ndiye utakayeingia chini ya ile mashine kumtoa."

Nikawa jiwe. Sungura akatafuna jani lake, mimi nikayatazama meno yake, mashine ikanguruma, kazi ikaisha.

Ndiyo ilikuwa njia yake. Mtoto asiyetulia huharibu picha, na picha ikiharibika hurudiwa, na filamu hazikuwa za kuchezea. Wengine huwafunga watoto kwa shuka. Yeye aliwapa sungura. Alimfuga mle mle chumbani, kwenye kizimba cha waya karibu na meza, usiku na mchana, ili asisahau kazi. Mama mzazi alipokataa kutoka, maana akina mama wa kwetu hawamwachi mtoto peke yake na kitu kinachonguruma, Mama wa Picha aliivua aproni yake nzito ya kuzuia mionzi, yenye madini ya risasi ndani, akamvisha huyo mama, hasa akimwona ana tumbo. Aproni ilikuwa moja. Kisha yeye mwenyewe akamshika mtoto mabega, Bibi Harusi kifuani, kanga kiunoni, basi.

Halafu kulikuwa na wale wa Kilambo. Lori lilikuja nao kutoka mtoni, vijana wa ng'ambo ya Ruvuma waliojeruhiwa vitani, wana vipande vya chuma mwilini ambavyo daktari hakuweza kuvitoa mpaka aonyeshwe vilipo. Hao picha moja haikuwatosha. Walisimamishwa gizani nyuma ya kioo kinachong'aa kijani, na Mama wa Picha akakaa mbele ya kioo muda mrefu akielekeza kwa kidole: hapa, shuka, hapa tena. Alizungumza nao Kimakonde kwa sauti ambayo sisi majirani hatukuwahi kuisikia, ya chini, karibu ya kuimba. Bibi Harusi alikuwa mapajani.

"Hata mwanamume aliyetoka vitani," aliniambia, "akiona kitu kinatafuna hutulia."

Mtu huyohuyo, asiyeogopa damu, wala bomu, wala daktari mkuu, aliogopa vitu viwili hapa duniani: mjusi na sindano. Mjusi nilimletea mwenyewe, ndani ya bakuli la uji, na sitaeleza zaidi. Sindano aliiogopa mpaka ikawa aibu ya hospitali. Walipopita wachanjaji wa ndui, walimkuta mfanyakazi mwenzao amejifungia chooni, anasema tumbo linamsokota. Tumbo liliendelea kumsokota mpaka wachanjaji walipofika Mikindani.

Alipenda sifa, na sifa aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya beji. Watu wa mashine ile hupewa beji ndogo yenye filamu ndani, na kila mwezi hupelekwa Dar es Salaam kuangaliwa kama mionzi imemgusa mwenyewe. Ya kwake ilirudi safi. Mwezi hadi mwezi, safi. Alitutangazia bombani kama mtu aliyefaulu mtihani: "Beji yangu haina hata doa!" Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwa sababu ripoti zangu za shule hazikuwa na habari kama hizo.

Aliyekuwa akimkejeli bila kuogopa ni mtu mmoja tu, Mpimaji, kijana wa maabara mwembamba kama mpini wa jembe. Yeye Myao, Mama wa Picha Mmakonde, watani. Kwa hiyo kila asubuhi walitukanana ukumbini mbele ya wagonjwa, na wagonjwa wakapata nafuu kabla ya dawa.

"Ee, Mmakonde, bado hujafa? Nimeshanunua bizari ya pilau la msiba wako!"

"Utatangulia wewe, Myao. Na mwili huo, hata siafu watasusa."

"Nitakuzika mimi. Kaburi nitalichimba fupi, lakini pana!"

Nilizoea kusikia hayo kama watu wanavyozoea adhana. Sikujua kuwa yanaweza kukoma.

Sasa niseme juu ya Mabibi Harusi. Niliyemkuta mimi hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Walikuwa wanakufa. Si kwa kishindo. Mmoja alipata mafua yasiyokwisha. Mwingine alichomwa kidogo na waya wa kizimba, paja likavimba, akaondoka. Mama wa Picha alilaumu sakafu ya saruji, akalaumu majani, akanilaumu mimi. Kila mara alileta mwingine mweupe na kumpa jina lilelile, na watoto wa mji hawakujua kuwa bibi harusi amebadilishwa.

Wa mwisho alizaliwa tumbo moja na sungura niliyepewa mimi. Wangu nilimwita Mwizi, kwa sababu ya matembele ya bibi. Walikula majani ya aina moja, niliyakata mwenyewe, fungu la nyumbani na fungu la hospitalini. Mwizi alipigana na jogoo, alikatwa na bati, aliangukiwa na mwiko kwa makusudi ya bibi, na kila kidonda kilifunga kabla bibi hajamaliza kumlaani. Bibi Harusi alijikwaruza sikio kwa kucha yake mwenyewe. Sikio likaanza kuoza.

Ndipo Mama wa Picha alipomchukua chini ya kwapa akampeleka maabara. Nilikuwepo, nimeleta majani baada ya shule.

"Mtani, nitibie mke mwenzangu," akasema.

"Namtibu yeye, wewe nakuacha," Mpimaji akajibu. Akamtoboa sungura kwenye sikio lililokuwa zima, akapaka tone kwenye kioo, akalitia dawa ya rangi, akainamia darubini. Alikuwa bado anacheka. Akasogeza kioo. Akasogeza tena. Kicheko kikabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani, halafu nacho kikaondoka.

"Nyumbani kwenu una ndugu yake huyu?" akaniuliza.

Nilikwenda mbio nikamleta Mwizi ndani ya kapu. Naye akatobolewa, akamng'ata Mpimaji, akapimwa. Mpimaji akanisogeza nione. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe nikasema ni vijidudu. Kisha nikaona: chembe nyekundu nyingi kupita kiasi, na katikati yake zile nyeupe, ambazo kwa ile dawa zilikuwa zimepata rangi ya zambarau. Hizo, akasema, ndizo zinazopigana na ugonjwa. Kwa Mwizi, kila aliposogeza kioo kidogo, nilizikuta. Kwa Bibi Harusi tulisogeza, tukasogeza, kama mtu anayetafuta ndugu yake stendi wakati basi limeshaondoka. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mpaka nilipoikuta nyeupe moja nikasema "hii hapa!" kwa sauti ya mtu aliyeokota lulu.

Hakuna aliyecheka.

"Mionzi," Mpimaji akasema. "Haiumi, hainuki, haina joto. Inapita kwenye nyama kama mwanga kwenye dirisha. Lakini kwenye damu, hawa weupe ndio wanaokufa mapema. Wakiisha, mkwaruzo tu unatosha kuua." Kisha akageuka, akasema neno ambalo sikuwahi kumsikia akimwita mtani wake. Alisema, "Mama."

Si Mmakonde. Si mtani.

"Mama, tafadhali kaa."

"Sikai," akasema Mama wa Picha. "Huyo ni sungura. Mimi ni mtu."

"Mnakaa chumba kimoja. Yeye miezi. Wewe miaka."

"Beji yangu ni safi! Waulize Dar!"

"Unaivaa wapi? Nionyeshe."

Tukamfuata mpaka chumba cha picha. Akafungua kabati, akatoa bahasha, ndani ya bahasha kitambaa, ndani ya kitambaa pamba yenye harufu ya udi, na katikati ya pamba, beji. Ilikuwa inang'aa.

"Hii ni mali ya serikali," akasema, na sauti ilikuwa imeanza kupungua. "Kila mwezi wanaikagua. Niivae nikiwa nashika watoto wanaonitapikia? Ichafuke? Waseme wanawake wa Mtwara hawajui usafi?"

Mpimaji alikaa chini, sakafuni, kwenye ile saruji iliyolaumiwa. Mimi niliangalia kabati. Lilikuwa kwenye chumba cha pili, nyuma ya ukuta mnene. Miaka yote ile walikuwa wameipima pamba.

"Nipe kidole," akasema Mpimaji. "Tone moja. Tujue umebakiwa na kiasi gani."

Mama wa Picha akaificha mikono yote miwili ndani ya kanga, kama mtoto aliyeshikwa na sukari. "Ukinipima utanitoa mle. Ukinitoa, chumba kitafungwa, maana hakuna mwingine. Na lori la Kilambo likija?"

Hilo lilikuwa kweli. Na sindano nayo ilikuwa kweli. Nadhani hata yeye hakujua ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Bibi Harusi alikufa Ijumaa. Mama wa Picha hakuleta mwingine. Alianza kuivaa beji, aproni akaivaa yeye mwenyewe, na watoto wakafungwa kwa shuka. Sasa hata bombani nilizisikia kelele zao. Kwa Mpimaji alipita mbali. Akimwona mwisho wa ukumbi aligeuka, na yeye Mpimaji hakumpigia utani wowote. Alisema "Shikamoo, Mama," na yule mama wa watu alitetemeka kama ametukanwa kweli. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi waliuliza kuna nini. Mimi, niliyekuwa nikizua habari za mumiani, niliulizwa nieleze, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuongeza. Ukumbini nilipita mbali na ukuta wa chumba kile. Usiku nilijitazama mkono uliovunjika nikijiuliza nilikaa mle muda gani.

Likizo nilikwenda Ziwani kuokota korosho. Niliporudi, nilipeleka uraka kidogo, kile kinywaji cha mabibo, kwa majirani, kama ilivyo desturi ya bibi. Uraka mtamu, usiolevya, kwa Mama wa Picha. Nilimkuta kibarazani ameketi, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnyama wako hajafa?"

"Yupo. Jana amekula ukurasa wa Jiografia."

"Afadhali yake, anasoma." Akajaribu kucheka. Kisha akafungua kitambaa. Kwenye dole gumba kulikuwa na mkato mdogo, wa kisu cha kumenyea muhogo, mkato ambao kwangu ungekuwa umesahauliwa kabla ya ugali kuiva. Kingo zake zilikuwa zimevimba, zina rangi ya kijivu. Nililijua jeraha lile. Nilikuwa nimeliona kwenye sikio.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Tulikaa. Nilitafuta mzaha, nikaukosa. Ilikuwa kama kutafuta nyeupe kwenye kile kioo. Mwishowe akasema, akiangalia barabara na si mimi, "Kamlete sungura wako. Twende kwa yule Myao."

Tulikwenda kwa miguu, yeye na mwendo wake wa kutomwaga, mimi na kapu kichwani. Maabara ilikuwa tupu. Mpimaji alipotuona aliinuka, akafuta kiti kwa koti lake. Alipochukua kisindano, mikono ya Mama wa Picha ilikimbilia ndani ya kanga tena. Alikuwa anatetemeka mpaka kiti kinagonga sakafu. Mtu aliyetutuliza mji mzima.

Nikamtoa Mwizi nikamweka mapajani mwake. Nikampa jani.

"Mama," nikasema, "huyu hapendi kelele. Ukitikisika atakimbia, na wewe ndiye utakayeingia chini ya meza kumtoa."

Akanitazama kwa macho ambayo siku nyingine yangenigharimu kofi. Kisha akamtazama Mwizi, akayatazama meno yake.

"Vuta pumzi," nikasema. "Zuia. Usipumue mpaka nikwambie."

Akavuta. Mkono mmoja ukatoka ndani ya kanga polepole. Mpimaji akatoboa. Tone likatoka, jekundu kama la mtu yeyote, nikashangaa kuwa halionyeshi kitu. Akalipaka, akalitia dawa, tukasubiri likauke, akainama.

Akasogeza kioo.

Nje mtu alikuwa anapiga ndoo. Mwizi alitafuna. Mpimaji akasogeza tena, akasimama hapo, akasogeza, na kila aliposogeza midomo yake ilitikisika kidogo, na sikujua kama anahesabu au anaomba. Nilichongojea ni neno la kwanza tu. Likiwa "Mama", nilikuwa nimeshaamua kuwa nitachukua kapu langu na kukimbia, nisisikie la pili.

Akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Mmakonde," akasema.

Kiti kikaacha kugonga.

"Wachache. Wachache mno, na mle chumbani huingii tena, hata lori lije na nani. Nitakuwekea kitasa mwenyewe, na daktari naenda kumwambia sasa hivi." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Lakini wapo. Wamejikunyata pembeni kama nyinyi wote mkija msibani, wanangoja pilau."

"Mshenzi wewe," akasema Mama wa Picha. Machozi yalikuwa yanamdondokea Mwizi mgongoni, na Mwizi, asiyevumilia maji, hakutikisika. "Bizari yako itaota ukungu."

Kisha akanigeukia, akaniangalia kifua, kwa lile jicho lake la kuona mpaka ndani.

"Na wewe," akasema, "pumua."